PEGI, ESRB, sheria au kufuli: kipi kinamlinda mtoto na gemu lisilo la umri wake hapa Tanga?

Kasha la Tekken 7 lililotoka Ulaya lina alama ya 16, yaani miaka 16 na kuendelea. Kasha la gemu hilohilo lililotoka Marekani lina herufi T, yaani miaka 13 na kuendelea. Mama wa Makorora mwenye kijana wa miaka 14 akiyashika yote mawili dukani, moja linamwambia asubiri miaka miwili, la pili linamruhusu leo. Gemu ni lilelile na ngumi ni zilezile. Kilichobadilika ni nani aliyepima, na anapimia watu wa wapi.

Ulinganisho huu tumewaandikia watu watatu: mzazi anayenunua, mwenye duka la diski, na mwenye kibanda cha gemu anayewapokea watoto wa watu mtaani, iwe barabara za Ngamiani, Mabawa au Duga. Kila mmoja ana mlango wake wa kuulinda, na kinachomfaa mmoja hakimtoshi mwenzake.

Alama: tarakimu au herufi

PEGI, mfumo wa kuyapa magemu alama za umri, ilianza mwaka 2003 na inatumika sehemu kubwa ya Ulaya. Ina ngazi tano: 3, 7, 12, 16 na 18. Rangi zake nazo zinasema: 3 na 7 ni kijani, 12 na 16 ni chungwa, 18 ni nyekundu. Nyuma ya kasha kuna vipicha vinavyotaja sababu. Ngumi ni ukatili, buibui ni vitisho, sindano ni dawa za kulevya, dadu ni kamari, na mkono ulioshika kadi ya benki ni ununuzi ndani ya gemu. Mtu asiyejua Kiingereza hata neno moja anaisoma bila mkalimani.

ESRB ni mfumo kama huo wa Marekani. Ilianzishwa 1994, baada ya vikao vya Seneti vya 1993 vilivyochochewa na magemu kama Mortal Kombat na Night Trap. Yenyewe inatumia herufi: E ni kwa wote, E10+ ni miaka 10 na kuendelea, T ni 13, M ni 17, AO ni watu wazima wa miaka 18 tu. Sababu zake zimeandikwa kwa maneno ya Kiingereza nyuma ya kasha. Kwa anayekielewa Kiingereza, maneno hayo ni ya kina kuliko vipicha vya PEGI. Yanatofautisha, kwa mfano, gemu lenye damu na gemu lenye damu pamoja na viungo vinavyokatwa. Kwa mzazi ambaye hakuwahi kuelezwa, M ni herufi tu.

Tofauti kubwa haiko kwenye maumbo. Iko kwenye mizani. Angalia magemu ambayo watoto wengi wanayataja kwa majina:

| Gemu | PEGI | ESRB |
|---|---|---|
| FIFA 22 | 3 | E |
| Minecraft | 7 | E10+ |
| Fortnite | 12 | T |
| Spider-Man ya PS4 (2018) | 16 | T |
| Tekken 7 | 16 | T |
| WWE 2K22 | 16 | T |
| Mortal Kombat 11 | 18 | M |
| GTA V | 18 | M |

Kileleni wanakubaliana: GTA na Mortal Kombat si za watoto, Ulaya wala Marekani. Chini pia wanakaribiana. Mkanganyiko uko katikati. Kapu la T limewabeba Fortnite, Spider-Man na Tekken pamoja, wakati PEGI imewatenganisha. Kwa PEGI, kipigo kinachoonekana cha kikatuni au kisicho cha kweli kinaweza kubaki 12, lakini kipigo dhidi ya binadamu kikishafanana na cha kweli kinapanda hadi 16.

Kwa matumizi ya hapa tunapendekeza PEGI iwe ndiyo rula, hata pale kasha lililo mkononi ni la Marekani. Tarakimu haihitaji kufasiriwa, na kijana wa dukani anaweza kuieleza kwa sentensi moja. Ukikutana na ESRB, badili hivi: E ihesabu kuwa 3 au 7. E10+ mpe mtoto wa kuanzia darasa la nne au la tano, ukiangalia sababu zilizoandikwa nyuma. T ichukulie kuwa 16 mpaka uthibitishe kwamba PEGI iliipa 12. M ni 18. AO usiiweke dukani.

Diski za Japan zina alama za CERO, mfumo ulioanza 2002, na hapo ndipo wengi wanapokosea. A ya Japan maana yake kila umri, siyo watu wazima. B ni 12, C ni 15, D ni 17, na Z ni 18 tu. Afrika Kusini nako A ni ya wote.

Kuna mambo matatu ambayo tarakimu haiyasemi. La kwanza, haipimi ugumu. Gemu la drafti au chesi hupewa 3, wala haina maana kwamba mtoto wa miaka mitatu ataliweza. La pili, haipimi maneno ya watu wanaocheza naye mtandaoni kwa kipaza sauti. Mtoto wa miaka 9 akicheza gemu la 7 anaweza kutukanwa na mtu mzima wa nchi nyingine. La tatu ni pesa. EA Sports FC 24 ilipewa 3 na PEGI, kwa sababu ni mpira tu. Ujerumani, ambako wapimaji walianza mwaka 2023 kuhesabu pia mbinu za kumsukuma mchezaji anunue, mpira huohuo ulipewa 12. Sababu ni zile pakiti za wachezaji unazolipia bila kujua ndani kuna nani. Kwa hiyo ukiona 3 pamoja na kipicha cha mkono wenye kadi, mpira wenyewe hauna tatizo. Shughulika na simu au kadi iliyounganishwa.

Sheria za mauzo: zinamshika nani?

Alama ni karatasi mpaka iwepo nguvu nyuma yake, na nchi zimechagua nguvu tofauti.

Uingereza iliipa PEGI meno tarehe 30 Julai 2012. Tangu siku hiyo kumuuzia mtoto gemu la 12, 16 au 18 akiwa hajafika umri huo ni kosa la jinai, na muuzaji anaweza kutozwa faini au kufungwa hadi miezi 6. Ngazi za 3 na 7 zimebaki ushauri. Maduka mengi yanajilinda kwa kumwomba kitambulisho kila mnunuzi anayeonekana yuko chini ya miaka 25, ili kijana wa kaunta asilazimike kukisia kama huyu ana 17 au 19.

Ujerumani ina mfumo wake, USK, wenye ngazi za 0, 6, 12, 16 na 18. Tangu 2003 alama hizo ni za lazima kisheria, na faini inaweza kufika euro 50,000. Lakini kipengele cha Ujerumani kinachotufaa zaidi sisi wa huku hakitajwi mara nyingi: gemu lisilo na alama linahesabiwa kama la 18. Muuzaji hawezi kusema "halijaandikwa kitu, kwa hiyo ruksa". Kasha tupu ni kasha la watu wazima. Tutakirudia kipengele hiki, kwa sababu diski zetu nyingi hazina kasha kabisa.

Marekani ilijaribu njia ya sheria ikashindwa. Mwaka 2005 California ilipitisha sheria iliyokataza kuwauzia au kuwakodisha walio chini ya miaka 18 magemu yenye ukatili mkubwa dhidi ya taswira ya binadamu, kwa faini ya hadi dola 1,000 kwa kila kosa. Mahakama ziliizuia kabla haijaanza kazi. Tarehe 27 Juni 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Brown dhidi ya Entertainment Merchants Association, iliifuta kwa majaji 7 dhidi ya 2. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba gemu ni usemi unaolindwa na katiba yao, sawa na vitabu na michezo ya kuigiza. Majaji Clarence Thomas na Stephen Breyer walipinga, kila mmoja kwa sababu zake.

Je, basi maduka ya Marekani yanamuuzia kila mtoto? Hapana, na hili ndilo lenye faida kwa mwenye duka wa hapa. Tume ya biashara ya serikali ya shirikisho, FTC, ilikuwa ikiwatuma vijana wadogo wajaribu kununua magemu ya M bila mzazi. Mwaka 2000 vijana 85 kati ya 100 waliuziwa. Katika matokeo yaliyotangazwa 2011 waliouziwa walikuwa 13 kati ya 100. Kati ya miaka hiyo hakuna sheria ya taifa iliyowekwa. Maduka yenyewe yalifundisha wauzaji wao, na mashine ya malipo ikawa inakumbusha umri diski inapopitishwa. Duka likiamua, inawezekana.

Australia ilikaa miaka mingi bila ngazi ya watu wazima, na gemu lililozidi MA15+ lilikataliwa kabisa. Mortal Kombat ya 2011 ilizuiwa kuuzwa huko. R18+ ilipoanza tarehe 1 Januari 2013 gemu hilo likapata mlango wa halali. Kupiga marufuku kabisa kuliwanyima watu wazima bila sababu, nao wakaagiza kutoka nje.

Zote hizi zina jambo moja zinaloliacha: mzazi. Sheria ya Uingereza na ya Ujerumani zinamfunga mfanyabiashara. Baba akinunua GTA V kwa pesa yake akampelekea mwanawe wa miaka 10 nyumbani, kaunta imeshapitwa. Na bila shaka sheria hizo zinamfunga muuzaji wa London au Berlin; muuzaji wa Ngamiani anashikwa na sheria za Tanzania. Hapa Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na sheria ya michezo ya kubahatisha inakataza walio chini ya umri huo kucheza kamari. Hilo la kamari linavigusa vibanda moja kwa moja, na tutalifikia.

Pale kaunta inapopitwa

Sheria ya mauzo inafanya kazi kukiwa na kasha, kaunta na risiti. Hapa mtoto anakutana na gemu kwa njia tatu ambazo hazina hata kimoja.

Njia ya kwanza ni diski ya kuchoma. Karatasi ya kasha imetolewa kwa fotokopi, na pembe ya chini yenye alama mara nyingi imekatwa au imefifia hadi tarakimu haisomeki. Njia ya pili ni hadi disk: mashine iliyofunguliwa, yaani iliyovunjwa kufuli la kiwandani, inapakiwa magemu 30 au 40 kwa mkupuo, na GTA inakaa jirani na FIFA kwenye orodha moja. Njia ya tatu ni simu. Gemu linarushwa kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili, kutoka simu ya kaka mtu kwenda ya mdogo wake, Play Store haijui na wala haijaulizwa.

Dawa ya njia mbili za kwanza ni kipengele cha Ujerumani: kisicho na alama ni 18 mpaka kitafutwe. Kukitafuta si kazi. Fungua pegi.info kwenye simu, andika jina la gemu, tarakimu na sababu zinatokea bila malipo. Kisha andika tarakimu hiyo kwenye diski kwa kalamu ya maka, upande wenye picha, karibu na tundu la kati. Usibandike stika. PlayStation za PS4 na PS3 nyingi zinavuta diski ndani kwa roli, na stika iliyobanduka kidogo inanasa humo. Hata isiponasa, uzito wake unaifanya diski iyumbe ikizunguka na kusoma kwa shida.

Angalia pia toleo. "GTA" si gemu moja, na "Spider-Man" ni mengi yenye alama tofauti. Tafuta jina kamili pamoja na mashine yake. Na alama ya kasha haielezi kilichoongezwa baadaye. Mwaka 2005 GTA: San Andreas ilikutwa na sehemu ya ngono iliyofichwa ndani ya programu yake, ikawa inafunguliwa kwa kiraka cha mtandaoni, na ESRB ikaipandisha kutoka M hadi AO. Diski za mtaani zilizobadilishwa jezi, nyimbo na sura za wachezaji zinaweza kuwa zimebadilishwa na mengine. Anayezinunua azicheze mwenyewe kwanza.

Kufuli la mashine: lipi linashika?

PS2 haina kufuli la magemu. Udhibiti wake wa wazazi unahusu filamu za DVD tu. Aliye na PS2 nyumbani analinda diski zenyewe, kwa kabati lenye ufunguo.

PS3 ina kufuli la ngazi, kutoka 1 hadi 11, kadiri namba inavyopungua ndivyo linavyobana. Namba ya siri ya kiwandani ni 0000, na usipoibadilisha hujafunga chochote, maana kila mtoto wa mtaa anaijua.

PS4 ndiyo inayofungika vizuri kati ya mashine zilizozoeleka, ila ina milango minne na watu wengi hufunga mmoja. Nenda kwenye mipangilio, ingia sehemu ya udhibiti wa wazazi na usimamizi wa familia, kisha vizuizi vya mfumo. Itakudai namba, nayo kiwandani ni 0000. Hapo kwanza badilisha namba. Pili, weka vizuizi vya msingi, ambavyo vinamhusu mtumiaji asiye na akaunti ya mtandao ya PlayStation. Hao ndio wengi. Tatu, kataza kuunda mtumiaji mpya na kuingia kama mgeni. Ukiacha hili, mtoto anatengeneza jina jipya kwa dakika moja na kufuli lako linabaki kwenye jina la zamani. Nne, liwekee jina lako wewe mtu mzima namba ya kuingilia, kupitia mipangilio ya kuingia. Usipoiweka, mtoto atachagua picha yako badala ya yake, na vizuizi vyote vitakuwa havimhusu.

Ukiisahau namba ya vizuizi, njia iliyobaki ni kuifuta mashine yote na kuanza upya, na magemu yaliyohifadhiwa yanapotea. Iandike mahali mtoto hafiki. Upande wa pili, ukikuta siku moja mashine imerudi kama mpya na ligi zote zimefutika, jua kuna aliyeifuta ili avunje kufuli.

Kwenye simu ya Android kuna kufuli mbili, na si sawa. La kwanza ni la Play Store: gusa picha ya akaunti juu kulia, ingia mipangilio, familia, udhibiti wa wazazi, weka PIN ya tarakimu nne, chagua umri wa juu wa programu na michezo. Ni rahisi, na mtoto hahitaji akaunti yake. Lakini linazuia upakuaji mpya tu. Gemu lililokwisha kuwamo linaendelea, na kufuli lenyewe linaishia kwenye simu hiyo hiyo uliyoliwekea. La pili ni Family Link ya Google, inayomtengenezea mtoto akaunti chini ya yako. Hiyo inakupa kuidhinisha kila programu, kupanga saa za matumizi na kuifunga simu ukiwa mbali. Gharama yake ni bando: simu zote mbili lazima ziwe hewani mara kwa mara, la sivyo ombi la mtoto linakaa bila jibu na yeye anatafuta njia nyingine.

Kwa simu ambayo mtoto anaazima jioni, la Play Store linatosha. Kwa simu iliyo yake mwenyewe, chagua Family Link. Katika hali zote mbili ziba mlango wa Xender: kwenye mipangilio ya simu tafuta ruhusa ya kusakinisha programu zisizojulikana, kisha izime kwa Xender, WhatsApp, kivinjari na kidhibiti cha faili, kimoja kimoja. Ukizima kimoja ukaacha kingine, hujaziba. Na washa uthibitisho wa ununuzi kwenye Play Store, ili kila malipo yadai nywila.

Kibanda

Hapa hakuna anayeuza gemu. Mtoto analipia mechi au saa, anashika pedi, anaondoka. Kwa hiyo sheria ya mauzo, hata ingekuwa kali kama ya Ujerumani, ingempita. Kinachofaa kulinganishwa ni sheria za nchi nyingine zilizolenga mahali na saa.

Jiji la Indianapolis, Marekani, lilitunga mwaka 2000 sheria ya vibanda vya mashine za gemu: mwenye mashine tano au zaidi mahali pamoja asimruhusu mtoto asiye na mzazi kutumia zenye ukatili mkubwa, na mashine hizo zitengwe kwa kizuizi. Mahakama ya rufaa iliizuia 2001, kwa hoja ya uhuru wa usemi ya katiba yao. Ila ile sehemu ya kutenga mashine ni ya busara kwa kibanda chochote, na haihitaji sheria.

Korea Kusini ilijaribu mambo mawili. Mwaka 2011 iliwakataza walio chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Watoto walitumia namba za utambulisho za wazazi wao, na magemu ya simu hayakuguswa. Kikomo hicho kilifutwa kuanzia 2022. La pili, vituo vya kompyuta havimruhusu aliye chini ya umri kukaa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 3 asubuhi. Hili limedumu, kwa sababu kuna mlango, kuna mtu mlangoni, na anamwona mtoto kwa macho. China mwaka 2021 ilibana zaidi, muda wa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, kwa usajili wa majina halisi. Mwenye kibanda hawezi kuendesha mfumo wa namna hiyo, lakini saa ya ukutani anaiweza.

Kwa hiyo kwa kibanda cha Tanga tunachagua saa na mashine, kabla ya kitu kingine chochote. Watoto wa shule wasipokelewe saa za masomo, wala Jumamosi na Jumapili asubuhi ikiwa mtaa una madrasa wakati huo. Mwisho wao uwe magharibi. Mashine zikiwa nne, mbili ziwe na magemu ya 12 kushuka tu, na hadi disk yake isibebe jingine. Kutenganisha mashine kunashinda kutenganisha majina ya watumiaji, kwa sababu watoto wanapeana pedi na viti kila mechi na hakuna kijana wa kaunta anayeweza kufuatilia nani ameingia kwa jina la nani. Skrini ya magemu ya 18 igeuzwe isitazame mlango wala benchi la wanaosubiri. Anayesubiri naye anatazama.

Umri utaujuaje? Kitambulisho cha NIDA hutolewa kwa mwenye miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo mlango wa 18 una ushahidi: anacho au hana. Milango ya 12 na 16 haina kadi, na hakuna mtoto atakayebeba cheti cha kuzaliwa kwenda kucheza mpira. Tumia darasa. Aliye shule ya msingi anacheza hadi 7, darasa la saba hadi 12. Sekondari hadi 12, kidato cha nne ndiyo 16. Muulize mwalimu wake wa darasa ni nani. Anayedanganya darasa hukwama hapo. Si kipimo kamili, lakini ni kilekile kwa kila mtoto, na wazazi wanakielewa.

Kamari ni mstari usiopimwa kwa darasa. Mashine ya dubwi ikiwa kwenye chumba kimoja na PlayStation, mtoto atacheza dubwi, hata kama ulimpokea kwa ajili ya FIFA. Usiziweke pamoja. Na mechi ya kuwekeana dau kati ya watoto, anayeshinda anachukua hela, ikataze waziwazi; mpira wenye alama ya 3 ukishabeba dau umeacha kuwa mchezo wa watoto. Ubelgiji mwaka 2018 ilizihesabu pakiti za bahati za kulipia ndani ya magemu kuwa kamari, hata pasipo meza wala kasino.

Mtaa ukitaka kwenda mbali zaidi, Halmashauri ya Jiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na wazo linaweza kuanzia kwenye mkutano wa mtaa. Hapo California na Ugiriki zinafundisha kitu. California iliandika maneno mapana kuhusu ukatili, ikaacha kazi ya kuyafasiri kwa muuzaji. Ugiriki mwaka 2002, ikiwinda mashine za kamari, iliandika sheria pana iliyoharamisha hata magemu ya kawaida kwenye kompyuta za maeneo ya umma, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ikaamua dhidi yake. Rasimu isitumie neno "ukatili" wala "magemu mabaya". Itaje alama: PEGI 16 na 18, na chochote kisicho na alama. Itaje saa. Itaje kwamba mashine za kubahatisha zisikae chumba kimoja na za watoto. Mtendaji wa mtaa akiingia kibandani aweze kuona kosa kwa macho bila kubishana.

Wakati rasimu haipo, karatasi moja ukutani inatosha kuanzia, kwa maandishi makubwa, ikiwa na mistari hii:

Msingi: 3 na 7 tu. Darasa la saba na sekondari: mpaka 12. Kidato cha nne: mpaka 16.
18: onyesha NIDA.
Diski isiyo na namba ni 18.
Wanafunzi mwisho magharibi. Saa za shule na madrasa hatupokei.
Hakuna dau.